Fransisko wa Sale, Mtoto Njiti wa Thorens



Mt. Fransisko wa Sale wengi tunamjua kama Askofu wa Geneva, Mwalimu wa Kanisa, msimamizi wa waandishi wa habari, yule ambaye Wasalesiani wa Don Bosco wanaitwa kwa jina lake. Sawa. Ila leo naomba tuanzie mbali kidogo, kwenye kitanda alichozaliwa.

Alizaliwa njiti. Ilikuwa tarehe 21 Agosti 1567, kule Thorens, katika milima ya Savoy (siku hizi ni Ufaransa), kama miezi miwili kabla ya wakati wake. Mama yake, Françoise de Sionnaz, alikuwa hajafikisha hata miaka 16, na huyu ndiye mtoto wake wa kwanza. Mashine ya kuwatunza njiti hakuna, mpira wa kulishia hakuna. Inasimuliwa kwamba walimzungushia pamba ili asipoteze joto. Wiki moja baadaye akabatizwa. Hebu fikiria: binti wa umri wa kidato cha tatu, na kichanga ambacho huna hakika kama kitaamka kesho! Mimi nimesoma falsafa, na darasani tulibishana sana mtu ni nani. Françoise hakuwa na nafasi ya kubishana. Alikuwa anasikiliza pumzi.

Mtoto akaishi. Akasoma Annecy, Paris, hadi udaktari wa sheria kule Padova, maana baba alimtaka awe mwanasheria mkubwa. Yeye akachagua upadre, mwaka 1593. Mwaka uliofuata akaenda Chablais, ambako watu walikuwa wameliacha Kanisa Katoliki. Alitembea kwenye theluji, na watu walipokataa kuja kumsikiliza akaandika vikaratasi, vikapitishwa chini ya milango yao. Njiti yule yule!

Kwa asili alikuwa mwepesi wa hasira, lakini upole ndio uliomtambulisha. Alimchukua kiziwi mmoja, Martin, akamfundisha imani kwa ishara, taratibu, mpaka akapokea Komunyo.

Mwaka 1610 mama yake alipooza ghafla. Fransisko, askofu sasa, mwenye miaka 42, akawahi kufika. Mama akamtambua. Akambariki, akakaa naye hadi tarehe 1 Machi, pumzi ya mwisho ilipotoka. Kisha akamfumba macho kwa mkono wake mwenyewe, akalia.