Maurice Gatsonides: Bingwa wa Mwendo Aliyeipa Sheria Jicho

Barabara itokayo Bujumbura kwenda Rumonge huandamana na Ziwa Tanganyika, maji upande mmoja na milima upande wa pili. Ifikapo Gitaza, nafasi iliyopo baina ya mlima na ziwa huwa finyu, na katika nafasi hiyo hiyo hupita wote: wavuvi, akina mama wenye mabeseni ya ndagala vichwani, watoto watokao shule, baiskeli zenye mizigo, na malori. Dereva atokaye Kigoma, akiisha kuvuka mpaka Manyovu na kuingia Mugina, hapana budi auache mkono wa kushoto aliouzoea na kushika wa kulia, kwa kuwa ndiyo sheria ya Burundi. Mkono atakuwa ameubadili. Je, na mguu ukanyagao mafuta ameubadili?

Hapo ndipo penye shida. Dereva mgeni asimamishwapo na askari kwa kosa la mwendo huona kwamba ameonewa. Hudai kuwa hakuliona bango, hajui lugha ya mwenyeji, na kwao mwendo ule si kosa. Zamani ubishi huo ulikuwa na nguvu, maana askari alikuwa na macho yake tu, na dereva alikuwa na ya kwake. Siku hizi katika nchi nyingi kimeingia kati yao shahidi wa tatu: chombo cha kupimia mwendo, ambacho kwetu madereva wamekibandika jina la tochi. Katika ukoo wa vyombo hivyo limo jina la mtu mmoja ambalo askari wengi wa usalama barabarani duniani wamelisikia bila kujua kuwa ni jina la mtu. Huyo ni Maurice Gatsonides, na maisha yake yafaa yasomwe na kila ashikaye usukani na kila ashikaye filimbi.

MPENDA MWENDO

Gatsonides alizaliwa tarehe 14 Februari 1911 katika kisiwa cha Java, nchi ambayo leo ni Indonesia na ambayo wakati huo ilikuwa chini ya ukoloni wa Waholanzi. Maisha yake ya utu uzima aliyajenga Uholanzi, na huko magari yakawa ndiyo kazi yake na mapenzi yake. Tangu miaka ya 1930 alishiriki mashindano ya magari ya masafa marefu, yale ambayo mshindani huvuka mipaka ya nchi kadhaa kwa siku chache, usiku na mchana, katika theluji na ukungu, huku saa ikimhesabia.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia alijaribu pia kuunda magari yake mwenyewe. Alitumia sehemu za magari ya Ford, akatoa magari machache yaliyoitwa Gatso, kifupi cha jina lake. Biashara hiyo haikudumu. Fedha zilipungua na kiwanda kikafungwa. Mtu mwingine angekata tamaa. Yeye alirudi kwenye usukani.

Mwaka 1950 alishika nafasi ya pili katika mashindano ya Monte Carlo, akiendesha gari la Humber. Mashindano hayo yalikuwa na sifa kubwa Ulaya. Washindani walianza safari kutoka miji mbalimbali ya bara hilo, kisha wote wakakutana Monte Carlo, pwani ya bahari ya Mediterania. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1953, Gatsonides na mwenzake Peter Worledge walirudi na gari la Ford Zephyr, wakashinda.

Ushindi huo una fundisho ambalo wengi hulipita bila kulitazama. Mwaka ule hali ya hewa haikuwa mbaya sana, na washindani wengi walifika bila kupoteza alama. Hivyo mshindi hakupatikana kwa kutazama nani alikimbia kupita wote. Lilitumika jaribio la milimani la kutunza mwendo: kila dereva alipaswa kupita njia yenye kona nyingi kwa wastani uliopangwa, asizidishe wala asipunguze. Aliyewahi alipoteza alama sawa na aliyechelewa. Gatsonides aliijua njia ile kona kwa kona, na saa yake aliitii kama askari atiivyo amri. Basi taji kubwa la maisha yake, yeye ambaye dunia ilimjua kwa kukimbia, alilipata kwa kushika kikomo.

Yafaa kukumbuka kuwa mwaka huo huo wa 1953, mwezi Mei na Juni, mashindano yetu ya Safari yalifanyika kwa mara ya kwanza, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Nasi tukaanza kuwashangilia madereva waliokatiza nchi tatu kwa kasi, na vijana wetu wakaiona kasi kuwa ndiyo ushujaa. Wachache walitambua kwamba hata katika mashindano dereva hutawaliwa na saa na kanuni.

MIPIRA MIWILI NA SAA

Baada ya ushindi Gatsonides hakutosheka. Alitaka kujua kwa hakika ni mwendo gani hasa alioingia nao katika kona na ni upi aliotoka nao, ili ajisahihishe. Kukisia hakukumridhisha. Akabuni chombo chepesi katika fikra yake: mipira miwili myembamba iliyolazwa kukatiza barabara, mmoja mbele ya mwingine kwa umbali uliopimwa. Gurudumu likikanyaga mpira wa kwanza, saa huanza. Likikanyaga wa pili, saa husimama. Umbali unajulikana, muda umepatikana, na mwendo hutoka kwa hesabu ya shule ya msingi.

Tuchukue mfano. Iwapo mipira imeachana kwa mita 10, gari liendalo kilometa 50 kwa saa hupita kati yake kwa sekunde 0.72. Likienda kilometa 60 kwa saa, hupita kwa sekunde 0.60. Jicho la binadamu, hata la askari hodari, haliwezi kutofautisha sekunde hizo. Saa yaweza.

Chombo kilichobuniwa na dereva ili aongeze mwendo kikaonekana chafaa zaidi kwa polisi ili waupunguze. Mwaka 1958 Gatsonides aliunda kampuni ya Gatsometer, akaanza kutengeneza vyombo hivyo kwa ajili ya usalama wa barabarani. Katika miaka ya 1960 kampuni hiyo ilitoa kamera za kuwanasa madereva wapitao taa nyekundu, na mwaka 1971 ikaleta chombo cha rada. Rada haihitaji mpira barabarani. Hutuma mawimbi, mawimbi hugonga gari na kurudi, na mabadiliko ya mawimbi yaliyorudi huonyesha mwendo wa gari. Huko Uingereza, ambako kamera hizo zilienea tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, watu wamezizoea kwa jina la Gatso. Kamera hupiga picha mbili kwa nafasi ya nusu sekunde, na mistari myeupe iliyochorwa barabarani huonyesha gari limesogea kiasi gani baina ya picha hizo. Mwenye gari akibisha, picha zipo.

Wahenga walinena kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe. Gatsonides hakuwahi kuacha kupenda mwendo, na yeye mwenyewe alikiri kuwa alinaswa mara nyingi na vyombo alivyovibuni, akaletewa faini nyumbani kwake. Kamera haikumtambua aliyeiunda, wala haikuuliza kama aliwahi kushinda Monte Carlo. Alifariki tarehe 29 Novemba 1998 akiwa na umri wa miaka 87.

FUNDISHO KWETU

Ndugu askari, maisha ya mtu huyu yanatugusa kwa namna tatu.

Kwanza, ni suala la uhai. Gari liendalo kilometa 50 kwa saa husogea karibu mita 14 kwa kila sekunde. Liendalo kilometa 100 husogea karibu mita 28. Dereva akiona mtoto anakatiza barabara, sekunde moja yaweza kupita kabla mguu haujafika kwenye breki, na gari bado linakwenda. Tena mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki huongezeka mara nne. Mahali kama Gitaza, palipo na ziwa kushoto au kulia na nyumba kandokando ya lami, mita hizo ndizo maisha ya mtu.

Pili, mgeni hufuata sheria ya mwenyeji. Ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba lako moja. Mikataba ya kimataifa ya usafiri wa barabarani, ule wa Geneva wa mwaka 1949 na ule wa Vienna wa mwaka 1968, hurahisisha leseni ya nchi moja itambuliwe katika nchi nyingine. Lakini leseni humfungulia dereva mlango tu; haimruhusu kuingia na sheria za kwao. Tanzania huweka kikomo cha kilometa 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na 80 kwa magari mazito na mabasi. Kenya, kwa kanuni zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004, iliyafunga magari ya abiria vidhibiti mwendo vya kilometa 80. Rwanda mabasi ya abiria hufungwa vidhibiti vya kilometa 60, na kamera zake za barabarani wananchi wameziita Sofia. Kenya, Uganda na Tanzania hushika kushoto. Rwanda, Burundi na Kongo hushika kulia. Dereva wa Jumuiya ya Afrika Mashariki aweza kukutana na sheria hizo zote katika safari ya juma moja. Aseme nini akisimamishwa? Kwamba hakujua? Kutojua sheria hakukuwa kinga hata siku moja. Huko Ulaya, tangu mwaka 2015, nchi za Umoja wa Ulaya zina utaratibu wa kupashana habari za mwenye gari, hivyo faini humfuata mkosaji mpaka kwao.

Wanajeshi nao hawamo nje ya kanuni hii. Askari wetu waliokwenda kulinda amani Kongo walikuta barabara za mkono wa kulia, na magari ya Umoja wa Mataifa hufungwa kifaa kinachomtambua dereva na kuandika mwendo wake. Cheo hakikifuti alichokiandika. Ofisa aliyefundishwa kuongoza msafara hujua kwamba gari la mbele likizidisha mwendo, la nyuma hulazimika kukimbia zaidi ili lisiachwe, na ajali huanzia mkiani.

Tatu, chombo ni kipimo kwa yule akishikaye pia. Gatsonides aliipa sheria jicho lisilo na chuki wala upendeleo, lakini jicho hilo hushikwa kwa mkono wa binadamu. Askari ajifichaye ili amtie mtu woga na kuyamaliza chini ya mti, au amtozaye mgeni bila stakabadhi kwa kuwa hana wa kumtetea, huifanya sheria kuwa mtego. Mgeni huyo akirudi kwao hatasema ametendewa vibaya na askari mmoja. Atasema ametendewa vibaya na nchi nzima. Kinyume chake, askari amwonyeshaye namba iliyosomwa, akamweleza kosa kwa upole na kumwandikia faini halali, huwa amemfundisha dereva na kulilinda jina la taifa lake.

Jioni ikiingia Gitaza, wavuvi husukuma mitumbwi majini, taa zao zikaanza kuwaka ziwani. Barabarani malori bado hupita, mengine yametoka mbali na yanawahi kufika Bujumbura. Dereva aliye nyuma ya usukani huenda hajapata kulisikia jina la Gatsonides. Akipunguza mwendo mahali pale, hata kama hapana askari wala kamera, atakuwa amefaulu jaribio lile lile lililompa bingwa huyo taji lake mwaka 1953: kuushika mwendo uliopangwa, asizidishe, mpaka mwisho wa safari.