Donduk Kuular: Mtawa aliyeiongoza Tuva

Kusini mwa Siberia, ikipakana na Mongolia, kuna nchi ya milima na mbuga iitwayo Tuva. Leo ni jamhuri ndani ya Urusi. Lakini kuanzia mwaka 1921 hadi 1944 ilikuwa na serikali yake, bendera yake na hata stempu zake. Katika makala haya tunamkumbuka Donduk Kuular, mmoja wa waasisi wa taifa hilo, aliyejaribu kuulinda utamaduni wa watu wake na akauawa kwa ajili hiyo.

Maisha ya hemani

Donduk alizaliwa mwaka 1888, Tuva ikiwa bado chini ya wafalme wa China. Watu wake walikuwa wafugaji wa kondoo, mbuzi, farasi na ngamia. Familia zilihamahama na mahema yao ya duara kufuata malisho. Hemani ndimo watoto waliposikia ngano na kujifunza uimbaji maarufu wa Kituva, ambao mtu mmoja hutoa sauti mbili kwa wakati mmoja.

Dini yao ilikuwa Ubudha uliotoka Tibet, ukienda sambamba na waganga wa jadi walioheshimu roho za mito na milima. Kituva hakikuwa na maandishi yake. Waliojua kusoma walitumia maandishi ya Kimongolia, na wengi wao walikuwa lama, yaani watawa wa Kibudha. Donduk alikuwa mtawa kabla ya kuingia katika siasa.

Taifa dogo kati ya wakubwa

Utawala wa China ulipoanguka, Urusi iliichukua Tuva chini ya ulinzi wake mwaka 1914. Kisha yakaja mapinduzi ya Urusi, na tarehe 14 Agosti 1921 Watuva wakatangaza uhuru. Ni nchi mbili tu zilizowatambua: Umoja wa Kisovieti na Mongolia.

Donduk alikuwa waziri mkuu katika nusu ya pili ya miaka ya 1920. Aliona kwamba taifa dogo namna hiyo lingeweza kumezwa bila hata risasi kupigwa. Serikali yake ikaufanya Ubudha kuwa dini ya taifa, ikataka vijana wafundishwe dini, ikapunguza propaganda za kupinga dini na kudhibiti walowezi wa Kirusi. Aidha, alitafuta uhusiano wa karibu na Mongolia, ambayo watu wake walifanana na Watuva kwa imani na maisha.

Moscow haikupendezwa. Huko kulikuwa na chuo kilichowafundisha ukomunisti vijana kutoka mataifa ya Mashariki, Watuva wakiwemo. Vijana watano waliohitimu hapo walirudi nyumbani wakapewa madaraka makubwa. Mwaka 1929 Donduk alikamatwa, na mwaka 1932 akauawa. Mmoja wa wale vijana, Salchak Toka, akashika uongozi na kubaki nao hadi kifo chake mwaka 1973.

Kilichofuata

Nyumba za watawa karibu zote zilifungwa na lama wengi wakafungwa gerezani. Wafugaji walilazimishwa kuunganisha mifugo yao. Hata hivyo, ni haki kusema kwamba mwaka 1930 Kituva kilipata alfabeti yake, na watu wengi wa kawaida wakajua kusoma na kuandika kwa lugha yao wenyewe. Mwaka 1944 Tuva iliunganishwa na Umoja wa Kisovieti, jambo ambalo Donduk alitaka kulizuia.

Lakini hemani mambo hayakuisha. Wazazi waliendelea kuwafundisha watoto nyimbo na desturi. Umoja wa Kisovieti ulipovunjika, Ubudha ukarudi hadharani, na mwaka 1992 Dalai Lama, kiongozi mkuu wa Ubudha wa Tibet, aliitembelea Tuva. Hekalu la Ustuu-Khuree, lililobomolewa miaka ya 1930 karibu na mji wa Chadan, limejengwa upya.

Donduk alishindwa na vijana wa taifa lake mwenyewe, waliofundishwa mbali na nyumbani. Alichotaka kukilinda kwa sheria kikaja kulindwa na familia, na ndiyo maana kipo hadi leo.