Bert Williams: mchekeshaji aliyeimba juu ya mtu asiye na mtu

Mara hii tunawaletea maisha ya mtu aliyekufa zamani kule Marekani. Jina lake ni Bert Williams. Siku zake, kati ya wachekeshaji weusi hakukuwa aliyejulikana kumpita. Lakini wimbo uliompatia jina haukuwa wa kicheko tu. Ni wimbo wa mtu anayeuliza nani atamsaidia wakati wa shida, na kila mara jibu ni lile lile: hakuna mtu. Kwa sisi wa chama cha kusaidiana, swali hilo si geni.

Alizaliwa tarehe 12 Novemba 1874 katika mji wa Nassau, visiwa vya Bahamas, ambavyo wakati ule vilikuwa chini ya Waingereza. Akiwa angali mtoto, wazazi wake walihama naye wakaenda Marekani, akakomalia California. Ile namna ya kusema ambayo watu walitaka kuisikia kwa mtu mweusi jukwaani haikuwa yake. Alijifunza kama vile mtu anavyojifunza lugha ya ugenini.

Mwaka wa 1893, katika mji wa San Francisco, akakutana na kijana mwenzake, George Walker, mtu wa Kansas. Wakaanza kutumika pamoja. Walker alikuwa mjanja, mwenye kuvaa vizuri. Bert alikuwa mkubwa wa mwili, mzito wa kutembea, mtu anayefuatwa na bahati mbaya. Mwaka uliofuata kukawa maonyesho makubwa pale San Francisco. Watu wa Dahomey, inchi inayoitwa leo Benin, walipaswa kuonyeshwa humo, lakini wakachelewa njiani. Basi hawa vijana wawili wakapewa kazi ya kujifanya Waafrika, wamevaa ngozi za nyama. Kiisha wenyewe wakafika, na vijana wakaachishwa. Walker alieleza baadaye kwamba waliendelea kuwatembelea wale wageni, na hapo ndipo walipowaza kuweka mambo ya Afrika jukwaani siku moja.

Sherti tueleze jambo moja. Siku zile wachekeshaji wazungu walikuwa wanajipaka masizi ya kizibo kilichochomwa, wanachora midomo, na kuwadharau watu weusi kwa kuwaiga. Bert alikuwa na rangi ya maji ya kunde, naye akajipaka yale masizi, na akaendelea nayo jukwaani maisha yake yote. Mwenyewe alisema kwamba nyuma ya ile rangi ndipo alipoanza kujisikia mchekeshaji, juu alikuwa anamcheza mtu mwingine. Wako watu weusi waliomlaumu kwa hiyo. Wako pia waliomsifu, juu katika yule mtu wa masizi walimwona binadamu mwenye shida zake, si kinyago tu.

Tarehe 18 Februari 1903 mchezo wao In Dahomey ulifunguliwa New York. Ulikuwa mchezo mzima wa nyimbo, umetungwa na kuchezwa na watu weusi, wa kwanza kuingia katika teatri kubwa ya Broadway. Hadithi yake inachekesha, lakini sisi tuliorudi tutaielewa upesi: kuko watu wanaopanga kuwapeleka weusi wa Marekani warudi kukaa Afrika, na wajanja wanatafuta feza katika ile safari. Mwaka ule ule wakaenda London, na tarehe 23 Juni wakacheza katika jumba la mfalme, Buckingham, kwa sikukuu ya kuzaliwa ya mjukuu wa mfalme.

Kiisha ukafuata mchezo Abyssinia, mwaka wa 1906. Wakati huo ndipo wimbo wake Nobody ulipoenea. Maneno yalitungwa na Alex Rogers, muziki ni wa Bert mwenyewe. Aliuweka katika diski, na toka hapo watu hawakukubali atoke jukwaani bila kuuimba.

Mwaka wa 1908 wachezaji na wanamuziki weusi wa New York waliunda chama chao, wakakiita The Frogs, maana yake Vyura. Walker akakuwa mwenyekiti, na Bert akawa mmoja wa waanzilishi. Walitaka kukutana, kuchunga historia ya kazi yao katika maktaba, na kuchangisha feza kwa mambo mema.

Mwaka wa 1909 Walker akapatwa na ugonjwa, hakuweza tena kucheza. Walikuwa katikati ya safari na mchezo wao Bandanna Land. Mke wake, Aida Overton Walker, akavaa nguo za bwana yake, akashika nafasi yake jukwaani, na kazi haikusimama. Walker akafariki mwezi wa Januari 1911.

Bert akabaki peke yake. Mwaka wa 1910 Florenz Ziegfeld alimwingiza katika Ziegfeld Follies, mchezo wa wazungu watupu. Wachezaji wengine walitisha kuacha kazi. Ziegfeld hakurudi nyuma, nao wakabaki. Karibu miaka kumi Bert alikuwa kati ya nyota za Follies. Usiku watu walimpigia makofi, kiisha mchezo kuko hoteli zilizomkataa ao kumpitisha mlango wa nyuma.

Agosti 1919 wachezaji wa New York waligoma. Wenzake walisimulia kwamba jioni ile Bert alifika, akajipaka masizi, akavaa, akatoka, akakuta teatri tupu. Hakuna aliyemwambia.

Mwishoni mwa Februari 1922, mgonjwa wa mapafu, alianguka akiwa jukwaani Detroit. Watazamaji wakacheka, walifikiri ni sehemu ya mchezo. Akafa New York tarehe 4 Machi, na miaka 47. Filamu aliyoigiza mwaka wa 1913, ambayo haikumalizika, ililala miaka mingi katika jumba la makumbusho la New York, na watu wakaiona mwaka wa 2014 tu.

Ndugu, katika maisha haya tushike miaka miwili. Mwaka wa 1909 mgonjwa alipata mtu wa kushika nafasi yake. Mwaka wa 1919, katika nyumba iliyojaa wenzake wa kazi, hakukuwa hata mmoja wa kumpelekea habari. Mbele ya kila mkutano wetu, basi, tuulizane: nani hajaambiwa?