MZEE ANICETI KITEREZA, MWANDISHI WA UKEREWE

Katika ukurasa huu wa maisha ya watu waliotutangulia, safari hii tunavuka maji. Tunakwenda Ukerewe, kisiwa kikubwa cha Ziwa Viktoria ambacho sisi wa Shinyanga na Geita tunakifahamu kwa samaki na machungwa yake. Huko aliishi mzee mmoja aliyeandika hadithi ndefu, zaidi ya kurasa 600, juu ya maisha ya watu wa kale kabla ya Wazungu kuja kutawala. Jina lake ni Aniceti Kitereza. Yeye alikuwa Mkatoliki nasi ni Waanglikana, lakini maisha yake yanagusa jambo lililomo katika nyumba nyingi za parishi yetu, nalo ni ndoa isiyokuwa na mtoto.

Kisiwa chenyewe

Kwanza tukitazame kisiwa chenyewe, maana kina historia yake hata katika Kanisa letu. Mwezi wa Desemba 1877, wamisionari wawili wa CMS, Luteni Shergold Smith na Bwana Thomas O'Neill, waliuawa huko Ukerewe. Walikuwa katika safari ya kupeleka Injili Buganda. Ugomvi ulizuka kati ya mtawala wa kisiwa, Omukama Lukonge, na mfanyabiashara mmoja Mwarabu aitwaye Songoro, kwa ajili ya chombo cha majini. Songoro alikimbilia kwa wale wamisionari, nao wakamhifadhi, wakafa pamoja naye. Ndiyo sababu jina la Ukerewe limo katika habari za mwanzo kabisa za kazi ya CMS katika nchi za ziwa hili.

Lukonge alikuwa wa ukoo wa Abasilanga, ukoo uliotawala Ukerewe kwa muda mrefu sana. Wazee wasimulia kwamba ukoo huo ulitoka Ihangiro, ng'ambo ya magharibi. Kwa hiyo lugha ya Kikerewe ni ndugu wa Kihaya na Kizinza, na ndugu zetu Wazinza wa Geita wakiisikia hawaioni kuwa ngeni. Katika ukoo huohuo wa watawala alizaliwa Kitereza, mwaka 1896.

Utoto na masomo

Baba yake alifariki yeye angali mtoto mdogo. Alikulia kati ya wazee waliokuwa bado wakiishi kwa desturi za zamani, akasikia masimulizi, methali na mafumbo yao. Baadaye akapelekwa shule ya misheni ya Mapadre Weupe huko Kagunguli. Alijifunza kusoma na kuandika, akabatizwa, akapewa jina la Aniceti, ambalo ni jina la askofu mmoja wa Roma wa karne ya pili.

Mapadre waliona kuwa kijana huyu ana akili na bidii. Mwaka 1909 wakampeleka seminari ya Rubya, katika nchi ileile ya Ihangiro walikotoka mababu zake. Alikaa Rubya kwa muda wa miaka kumi. Alifundishwa Kilatini, Kigiriki na Kijerumani, pamoja na falsafa na elimu ya dini. Yafaa tukumbuke kwamba katika miaka hiyo Vita Kuu ya Kwanza ilipita katika nchi yetu, Wajerumani wakaondoka na Waingereza wakaingia. Kitereza aliingia seminari chini ya serikali moja, akatoka chini ya nyingine.

Hakuendelea mpaka upadre. Mwaka 1919 aliacha masomo na kurudi kuishi maisha ya mlei.

Ndoa yake

Mwaka uleule alimwoa Anna Katura. Ndoa hiyo ilidumu kwa miaka mingi sana, lakini hawakubakiwa na mtoto hata mmoja.

Sisi wenyewe twajua maana ya jambo hili. Katika nchi zetu, Usukumani, Uzinza au Ukerewe, mtu asiye na mtoto huulizwa maswali kila siku. Jamaa wa mume huanza kunong'ona, kisha wananong'ona kwa sauti. Mke huitwa majina. Mume huambiwa atafute mwanamke mwingine, na mara nyingi hakuna anayeuliza kama upungufu uko upande wake. Kitereza alikuwa mtu wa ukoo mkubwa, na katika ukoo wa namna hiyo jina lisiloendelea ni msiba wa watu wengi. Hata hivyo alikaa na Anna hadi uzee wao, hakumfukuza wala hakuoa wa pili.

Kwa miaka ipatayo ishirini alifanya kazi katika biashara upande wa bara. Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939, alirudi kisiwani akafanya kazi katika misheni, akisaidia kutafsiri maandiko ya dini katika Kikerewe. Hapo alikutana na Padre Almas Simard, Mkanada wa shirika la Mapadre Weupe, aliyependa kukusanya hadithi na desturi za wenyeji. Padre huyo alimtia moyo aandike.

Kuandika kitabu

Kitereza aliona jambo likitokea mbele ya macho yake. Wazee waliozijua desturi za kale walikuwa wakifa, na vijana waliokwenda shule hawakuzijua wala hawakuziuliza. Hata maneno mengi ya Kikerewe yalikuwa yakipotea pamoja na wenye kuyasema. Akaamua kuyaweka yote katika hadithi moja, ili mtu akiisoma ajue Wakerewe walivyoishi.

Hebu tufikiri miaka hiyo ilikuwaje upande wetu. Geita, watu walikuwa wakichimba dhahabu katika migodi iliyofunguliwa miaka ya 1930. Shinyanga, mwaka 1940, Dakta Williamson alikuwa amevumbua almasi za Mwadui. Habari za utajiri huo zilienea dunia nzima. Wakati huohuo, ng'ambo ya maji, mtu mmoja alikuwa amekaa na karatasi zake akiandika jinsi pombe ya ndizi inavyotengenezwa, jinsi mtumbwi unavyoendeshwa na jinsi wakwe wanavyosalimiana. Hapana aliyemsikia. Alimaliza kuandika mwezi wa Februari 1945.

Hadithi yenyewe

Kitabu chaitwa Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, na jina lake linaendelea kwa kuwataja watoto wao, Ntulanalwo na Bulihwali. Myombekere na Bugonoka ni mume na mke wanaopendana, lakini hawana mtoto. Jamaa za mume wanamtukana Bugonoka kwa ugumba wake. Wazazi wake wanaposikia matusi hayo, wanakuja kumchukua binti yao na kumrudisha nyumbani.

Jamaa wa Myombekere wangefurahi kama angeoa mwingine. Yeye anafunga safari kwenda kwa wakwe zake kumwomba mkewe. Baba mkwe anamtoza faini ya pombe ya ndizi, naye hana mke wa kumsaidia, basi anahangaika kutafuta ndizi na watu wa kumsaidia kuikamua na kuipika hiyo pombe. Anailipa, na Bugonoka anarudi. Kisha wanakwenda kwa mganga mmoja aitwaye Kibuguma, ambaye anawatibu kwa muda mrefu, na mwishowe Mungu anawajalia mtoto wa kiume, na baadaye wa kike.

Hata majina ya watoto hayakutungwa ovyo. Ntulanalwo maana yake ni kwamba mtu anaishi na kifo siku zote. Bulihwali ni kuuliza huzuni itakwisha lini. Wazazi waliokwisha kuumia huwapa watoto wao majina ya namna hiyo, na hata Wasukuma wanayo majina yao ya matatizo, kama wengi wetu tujuavyo.

Ndani ya hadithi hii mna kila kitu: kilimo, uvuvi, uwindaji wa viboko, dawa, uzazi, malezi, posa, ngoma, ugonjwa na mazishi. Mwandishi haharakishi. Mgeni akifika nyumbani, twasoma salamu zote mpaka mwisho, alipewa kiti gani, na alipikiwa nini. Anayezoea hadithi za mbio ataona mwendo huu ni wa polepole. Lakini anayekumbuka kukaa kikome jioni, akisikiliza wazee wakizungumza, atajiona yuko nyumbani.

Ukiyajua maisha ya Kitereza na Anna, hutaweza kuisoma hadithi hii kama desturi tupu. Mtu aliyeiandika alijua maneno ya jamaa na alijua ukimya wa nyumba isiyo na mtoto. Katika kitabu aliwapa Myombekere na Bugonoka watoto ambao yeye na Anna hawakubakiwa nao. Wakristo watawakumbuka Elkana na Hana katika kitabu cha kwanza cha Samweli, jinsi Hana alivyochokozwa mwaka hata mwaka, na jinsi mumewe alivyomthamini ingawa hakuwa na mtoto.

Miaka thelathini na mitano

Kuandika ni kazi moja, kuchapisha ni nyingine. Kitabu kilikuwa katika Kikerewe, lugha ya watu wachache, na hakuna mchapaji aliyekitaka. Padre Simard alikusudia kukipeleka mbele kwa kukitafsiri katika Kifaransa, lakini alifariki kabla jambo hilo halijatimia. Karatasi zikakaa. Nchi ikapata uhuru mwaka 1961, likaja Azimio la Arusha mwaka 1967, karatasi bado zimekaa.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 wakafika Ukerewe Wamarekani wawili, mume na mke, Gerald na Charlotte Hartwig, kwa utafiti wa historia. Walimkuta Kitereza akiwa mzee wa zaidi ya miaka 70, maskini, viungo vikimwuma kwa baridi yabisi. Walipojua ana kitabu hicho, walimshauri akitie katika Kiswahili, lugha ambayo taifa zima lingeweza kuisoma. Mzee akaanza upya. Kwa mikono yake ileile iliyokuwa na maumivu, alitafsiri hadithi yote, ukurasa baada ya ukurasa. Si wengi wangekubali kazi hiyo katika umri huo, kwa kitabu ambacho kilikwisha kukataliwa.

Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam ilikikubali, nacho kikatoka na tarehe ya mwaka 1980. Kilipigwa chapa nchini China, na vitabu vikaja kwa meli. Mwaka 1981, kabla vitabu hivyo havijamfikia, Mzee Kitereza alifariki akiwa na umri wa miaka 85 hivi. Hakukishika kitabu chake mkononi.

Baada yake

Kitabu hakikufa. Kilitafsiriwa katika Kijerumani na Profesa Wilhelm Möhlig, sehemu ya kwanza mwaka 1991 na ya pili 1993. Kifaransa kikafuata. Mwaka 2002 Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam walitoa tafsiri ya Kiingereza, kazi ya Gabriel Ruhumbika, ambaye ni mwana wa Ukerewe na mwandishi wa riwaya yeye mwenyewe. Tukimwongeza na Euphrase Kezilahabi, mwandishi wa Rosa Mistika, aliyefariki mwaka 2020, twaona kisiwa kile kimoja kimetoa waandishi watatu wakubwa.

Mgodi wa Geita ulifungwa mwaka 1966, ukafunguliwa tena kwa mitambo mikubwa mwaka 2000. Kwa hiyo sisi twajua kwamba kitu kilichoachwa ardhini miaka mingi chaweza bado kuwa na thamani. Twakumbuka hivyo kwa dhahabu, lakini kwa maneno ya wazee wetu twasahau.

Basi, ndugu zangu, yako mambo mawili ya kufanya. La kwanza ni kwa wale wenye ndugu walio katika ndoa isiyo na mtoto. Tuache kuwauliza, na tuache kumpelekea mume majina ya wanawake wengine. Mke huyo tumsalimie kwa heshima kama tunavyomsalimia mama wa watoto saba. Akina mama wa kanisa waweza kuanza, kwa kuwa wao ndio wanaokutana naye kisimani, sokoni na katika vikundi.

La pili ni kwa wenye wazazi na babu walio hai. Mwisho wa juma hili kaa na mzee wako, uwe na daftari, au simu ya kurekodi sauti. Muulize ukoo wake ulitokea wapi, nyumba ilijengwaje, mahari ilikuwa ng'ombe wangapi, na njaa ya utoto wake waliivukaje. Andika na jina lake na tarehe. Kitereza alifanya hivyo bila mtoto wa kumwachia, na leo wanaomsoma ni watoto wa watu wengine, nasi tumo.