Maisha ya Tabibu Abul-Qasim Az-Zahrawi na Khabari ya Damu Isiyoganda

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni zake Yeye aliyemwumba mwanadamu akamtengeneza vyema, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu Waislamu, katika kijitabu hiki twataka kuwaeleza maisha ya mmoja katika wakubwa wa utabibu wa Kiislamu, ambaye watu wa Ulaya walimsoma kwa mamia ya miaka, na wengi wetu hatulijui hata jina lake. Na katika mambo aliyoyaandika tumechagua khabari ya damu, namna itokavyo na namna ikomavyo, kwa kuwa ndani yake mna jambo limpasalo kila baba wa mtoto wa kiume kulijua.

NASABA YAKE NA MJI WAKE

Jina lake ni Khalaf bin Abbas, na kuniya yake ni Abul-Qasim. Nasaba yake yarejea kwa Ansari wa Madina. Aliitwa Az-Zahrawi kwa kunasibishwa na mji wa Az-Zahra, aliouanza kuujenga Khalifa Abdur-Rahman An-Nasir mwaka 936, upande wa magharibi wa Cordoba katika nchi ya Andalus, ambayo leo ni Hispania. Yeye alizaliwa karibu na wakati huo, akakulia huko, na huko akafanya kazi ya utabibu umri wake wote. Ulipofika mwaka 1010 mji ule ulitekwa na kuharibiwa katika fitina ya Waislamu wao kwa wao, na yeye alikufa karibu ya mwaka 1013. Majumba yakabomoka, ilimu yake ikabaki.

KITABU CHAKE

Baada ya kutibu watu miaka 50 hivi alitunga kitabu kikubwa cha juzuu 30, akakiita At-Tasrif. Juzuu ya mwisho ni ya upasuaji, nayo ina milango mitatu: kuchoma kwa chuma cha moto, kupasua na kutibu majeraha, na kuunga mifupa. Ndani yake alichora sura za vyombo vya kazi vipatavyo 200, ili mwanafunzi avione na fundi aweze kuvifua. Ibn Hazm wa Cordoba alikisifu kitabu hicho. Katika karne ya 12 Gerard wa Cremona aliifasiri juzuu hiyo kwa Kilatini katika mji wa Toledo, na mwaka 1497 ikapigwa chapa Venice.

Mwanzoni mwa juzuu hiyo alilalamika kwamba watu wa zama zake walishika kisu bila ya kujua namna mwili ulivyopangwa. Akasimulia khabari ya tabibu mjinga aliyempasua mwanamke uvimbe wa shingoni, akakata mishipa, damu ikabubujika hata yule mwanamke akafa mikononi mwake. Basi kwake yeye kujua njia za damu kulikuwa ni amana, kwa sababu roho ya mtu imo ndani yake.

NAMNA ALIVYOZUIA DAMU

Alifundisha kwamba mshipa upigao ukikatwa, tabibu aweke kidole upesi juu ya mdomo wa mshipa, akandamize, na huku vyuma vinatiwa motoni. Kisha akataja njia nne za kuikomesha damu. Ya kwanza ni kuchoma kwa chuma. Ya pili ni kuukata mshipa ukatike kabisa, ikiwa umekatika nusu, kwani ncha zake hujikunja zikajifunga. Ya tatu ni kuufunga kwa uzi imara. Ya nne ni kutia dawa za kukata damu na kukaza kitambaa juu yake. Na asiyekuwa na tabibu wala dawa, alimwambia akandamize kwa kidole na kumwagia maji ya baridi sana, mpaka damu iwe nzito, igande, ikome.

Na jambo hili si geni katika dini yetu. Siku ya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra, Mtume wetu alipojeruhiwa usoni, Bwana Ali alimwaga maji na Bibi Fatima akiosha. Alipoona damu yazidi, Bibi Fatima alichoma kipande cha mkeka, akaliweka jivu lake juu ya jeraha, damu ikakatika.

KIJIJI CHA DAMU ISIYOKOMA

Katika kitabu chake Az-Zahrawi aliandika pia khabari ya kijiji kimoja, ambacho wanaume wake wakipata jeraha damu huwatoka hata wafe. Mtoto akisugua ufizi kwa mkono, hutokwa na damu asipone. Na mwingine alitolewa damu mshipani kwa dawa, akafa. Alishauri kuchoma upesi mahali panapotoka damu. Lakini hakujifanya mjuzi wa kila kitu: alikiri kwamba sababu yake haijui. Na kukiri huko ni katika adabu ya ilimu, kwani aliyeandika alichokiona bila ya kuzua sababu huwaachia mlango wazi wajao baada yake.

SABABU ILIYOJULIKANA BAADAYE

Leo twajua kwamba mshipa ukikatwa mambo matatu hufuatana. Kwanza mshipa wenyewe hujikunja, kama alivyosema. Pili, vipande vidogo mno vilivyomo ndani ya damu, mfano wa visahani, hukimbilia pale penye tundu vikagandamana. Katika tone dogo la damu, kadiri ya kichwa cha sindano, vimo zaidi ya 150,000. Tatu, vitu vilivyoyeyuka ndani ya damu huamshana, hiki kikiamsha kile, mpaka hutokea nyuzi nyembamba zikasukana kama wavu wa mvuvi, zikainasa damu ikawa donge. Na jeraha likipona, mwili huyayeyusha yale madonge. Damu ikiganda ndani ya mshipa mzima, huweza kuua. Na isipoganda penye jeraha, huua vile vile. Ametakasika aliyeweka mizani hii.

Vitu hivyo viamshanavyo hupewa nambari. Mtu akipungukiwa na cha 8 au cha 9, wavu hausukiki vyema, na ndio ugonjwa wa hemofilia. Mwaka 1803 tabibu wa Marekani, John Conrad Otto, alieleza kwamba wanawake huupitisha kwa watoto wao wa kiume, na wao wenyewe mara nyingi hawadhuriki. Kila mtoto wa kiume wa mwanamke aliyeubeba huwa baina ya mawili: kuupata au kusalimika. Tena huweza kuzuka katika nyumba isiyoujua kabla.

NASAHA

Ewe ndugu yangu, katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi'i tohara ni wajibu. Lakini fakihi zetu wamesema kwamba mtoto anayechelewa kuangamia huakhirishwa mpaka salama yake itarajiwe. Basi ikiwa wajomba wa mtoto walitokwa na damu nyingi, au mtoto huvia damu kwa kugongwa kidogo, au goti lake huvimba bila ya sababu, usimwite ngariba wala mpiga chuku kabla ya kumpeleka hospitali damu yake ikapimwe. Siku hizi kile kilichopungua hupatikana kwa sindano, na mtoto huweza kutahiriwa chini ya ulinzi wa tabibu. Wala usimpe aspirini, kwani huzidisha kutoka damu. Wala usimsingizie jirani uchawi, wala usimlaumu mama yake, kwani hakulichagua.

Kuchelewa kwa udhuru si dhambi, na kumtia mtoto kisu hali unajua khatari yake ni jambo utakaloulizwa. Mwenyezi Mungu amrehemu Abul-Qasim, na atujaalie kuiuliza ilimu kabla ya majuto. Amin. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.