Askofu Hannington na Vimea vya Mawe

Katika mwitu wa Kailo hakuna gogo lililolala siku nyingi lisilovikwa vazi la kijani. Ni vimea vidogo, vilaini, vyenye kushika mawe na magome penye unyevu. Vitabuni huitwa kuvumwani. Havina maua wala mbegu, na mtu akivikanyaga hageuki kuvitazama. Lakini alikuwako askofu mmoja aliyevitazama, naye ni James Hannington.

Alizaliwa tarehe 3 Septemba 1847 katika kijiji cha Hurstpierpoint, Uingereza. Utotoni alikuwa mtundu sana: alichezea baruti, ikamwondolea kidole gumba cha mkono wa kushoto. Akiwa na miaka 15 aliacha shule akaingia katika biashara ya baba yake. Baadaye akasoma Oxford, na mwaka 1874 akaanza utumishi katika Kanisa la Waanglikana. Basi hakuwa Mkatoliki. Lakini habari zake zimefungamana na za watakatifu wetu, kama itakavyoonekana.

Mwaka 1882 alifika Unguja, akasafiri kwa miguu kupitia Mpwapwa mpaka kusini mwa ziwa Viktoria. Homa na kuhara damu vilimdhoofisha hata akachukuliwa kwa machela, na mwaka 1883 alirudi kwao. Hata hivyo katika Afrika alikusanya mimea, na kuvumwani pia. Kazi hiyo haihitaji vyombo vingi: kimea hubanduliwa, hukaushwa, hufungwa katika karatasi, na mahali kilipookotwa huandikwa. Tena kina ajabu yake: hukauka kama kimekufa, lakini hata baada ya miaka kikiloweshwa maji, majani yake hukunjuka tena.

Vimea hivyo vilifika mikononi mwa William Mitten, mwuza dawa wa kijiji kile kile cha Hurstpierpoint, bingwa wa mambo hayo. Mtu wa kazi yake hutazama kwa kioo cha kukuza umbo la kila jani, na kile kifuko kidogo kinachosimama juu ya ubua. Mara nyingi mdomo wa kifuko una meno membamba, na humo hutoka vumbi lenye kuzaa vimea vipya. Kwa alama hizo wataalamu hujua ndugu ni nani na mgeni ni nani. Kila kimea hupewa majina mawili ya Kilatini: la kwanza ni la ukoo, la pili ni lake mwenyewe.

Kabla kazi hiyo haijatangazwa, mwenye kuviokota alikuwa amekufa. Mwaka 1884 Hannington aliwekwa kuwa askofu, na Julai 1885 alitoka pwani kwenda Buganda kwa njia ya Wamasai. Njia ilikuwa fupi, lakini haikuwa ya busara. Waganda waliogopa adui atokaye mashariki kwa njia ya Busoga, na mwaka ule ule Wadachi walikuwa wakinyakua nchi za pwani. Alikamatwa Busoga, akafungwa siku nane, na tarehe 29 Oktoba 1885 akauawa kwa amri ya mfalme Mwanga. Wapagazi wake wapatao hamsini waliuawa naye, wakapona wachache tu. Majina yao wengi hayajulikani, nao ndio waliobeba mizigo yote.

Yosefu Mukasa Balikuddembe, mkuu wa watumishi wa mfalme na Mkatoliki, alimkemea Mwanga kwa kumwua mgeni pasipo hukumu. Kwa hiyo tarehe 15 Novemba alikatwa kichwa, wa kwanza wa wafiadini Wakatoliki wa Uganda. Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu mwaka 1964.

Mwaka 1886 Mitten alichapisha maelezo ya vimea vile katika jarida la Linnean Society la London. Jina hanningtonii likaingia katika orodha ya kuvumwani. Mitten alifariki mwaka 1906, na mkusanyo wake ukanunuliwa na bustani ya mimea ya New York, Marekani.