Alipewa kamera akiwa na miaka 48

Siku ya Idd mosi, mwaka wa 1979, marehemu baba alitukusanya uani baada ya sala na kifungua kinywa, akaniamrisha nilete kamera. Kamera yenyewe nilikuwa nimeletewa na ndugu yangu aliyekuwa akifanya kazi melini, na filamu iliyokuwa ndani ilikuwa ya picha 12 tu. Walipokwisha kujipanga, baba na kanzu yake mpya, mama amejitanda leso, wadogo zangu wakisukumana mbele, mikono ilianza kunitetemeka. Macho yote yalikuwa juu yangu. Jua lilikuwa la saa nne, linawapiga usoni. Niliona haya kuwaomba wahamie kivulini, na haya zaidi kumwambia baba asogee. Basi nikabonyeza upesi upesi ili mambo yaishe.

Picha ilipooshwa, kila mtu alikuwa amekunja uso. Mama alikuwa amegeuka kumkemea mtoto, akaonekana leso tu na ncha ya pua. Idd ya mwaka wa pili hakuifikia, Mwenyezi Mungu amrehemu. Picha yake nyingine hatuna.

Najua wako wasomaji wetu wasioweka picha za watu majumbani mwao, na sababu zao za dini nazijua na naziheshimu. Hao nawaomba radhi kwa leo. Nasema na wale ambao, kama mimi, hutakiwa na jamaa zao washike kamera siku ya arusi au ya Idd, na moyo ukawadunda. Kwa ajili yao nataka kusimulia maisha ya bibi mmoja wa Kiingereza, Bi. Julia Margaret Cameron, aliyefariki zamani sana, mwaka wa 1879. Habari zake nilizisoma nikiwa mtu mzima. Laiti ningalizisoma kabla ya ile Idd.

Bi. Julia alizaliwa Calcutta, Bara Hindi, tarehe 11 Juni, 1815. Baba yake, James Pattle, alikuwa mtumishi mkubwa wa Kampuni ya Kiingereza iliyotawala huko, na mama yake alikuwa wa asili ya Kifaransa. Walikuwa mabinti saba waliofikia utu uzima, na dada zake walisifiwa kwa uzuri mji mzima. Yeye hakusifiwa hivyo. Alisifiwa kwa ulimi, kwa ukarimu uliopita kiasi, na kwa kutoweza kutulia. Huenda ndiyo maana baadaye aliutafuta uzuri katika nyuso za watu kwa hamu kama ya mwenye njaa. Lakini hayo ni mawazo yangu.

Mwaka wa 1836 alikuwa Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika, alikokwenda kwa ajili ya afya yake. Huko alikutana na watu wawili waliogeuza maisha yake. Mmoja ni Sir John Herschel, mtaalamu wa nyota, ambaye miaka michache baadaye alimpelekea Calcutta baadhi ya picha za mwanzo mwanzo zilizopata kupigwa duniani. Wa pili ni Charles Hay Cameron, mwanasheria aliyemzidi umri kwa miaka ishirini. Walioana mwaka wa 1838. Wakapata watoto sita, wavulana watano na msichana mmoja, na juu ya hao Bi. Julia akalea watoto wengine wa jamaa na wasio jamaa. Mwaka wa 1848 walihamia Uingereza, na mwaka wa 1860 wakanunua nyumba mahali paitwapo Freshwater, katika kisiwa cha Wight. Nyumba ile waliiita Dimbola, jina la shamba lao la kahawa huko Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka.

Sasa tufike mwezi wa Desemba, 1863. Mumewe alikuwa amesafiri kwenda Ceylon kuangalia mashamba, wana walikuwa wametawanyika, na binti yake ameolewa. Nyumba ilikuwa kimya. Yule binti na mumewe wakamletea kamera, wakitumaini kwamba itamchangamsha katika upweke wake. Alikuwa na umri wa miaka 48.

Msomaji asifikirie kamera kama ya simu tunazotia mfukoni siku hizi. Ile ilikuwa sanduku zito la mbao juu ya miguu mitatu. Badala ya filamu palikuwa na kioo kikubwa, ambacho mpiga picha alikipaka dawa yenye kunata, akakitumbukiza katika maji ya fedha gizani, akakitia ndani ya kamera kingali kibichi, akapiga, kisha akakimbilia chumba cha giza kukiosha kabla hakijakauka. Dawa moja iliyotumika katika kazi ile ilikuwa sumu ya kuua mtu. Maji ya fedha yalimtia weusi mikononi na katika nguo. Banda la mkaa alilifanya chumba cha giza. Banda la kuku, lililokuwa na vioo, akalifanya chumba cha kupigia picha, na kuku wakafunguliwa wajitafutie makao mengine.

Mwanzo wake haukuwa wa kuonea fahari. Yeye mwenyewe aliandika baadaye kwamba hakujua sanduku aliweke wapi, wala vipi aisawazishe lenzi. Alimkodi mkulima mmoja wa hapo, akimlipa kwa saa, aje akae mbele yake. Baada ya jitihada nyingi akapata picha, na kwa kiherehere akapitisha mkono juu ya kioo upande wenye dawa, akaifuta picha yote. Hebu fikiri: siku nzima ya kazi, na pesa za watu, zimekwisha kwa kiganja kimoja. Nilipofika hapo nilicheka, kisha nikaacha kucheka, maana nilimkumbuka mama na ile leso.

Ndipo Januari, 1864, akawaketisha watoto wawili. Ilibidi wakae kimya dakika kadhaa bila ya kutikisika. Walipofika katikati ya kazi, mmoja akaangua kicheko, na kioo kikaharibika. Bi. Julia hakumfokea, wala hakuacha. Alimchukua mtoto mmoja peke yake, msichana mdogo aitwaye Annie Philpot, akamweleza kweli tupu: kwamba dawa hizi ni ghali, kwamba yeye, bibi wa watu, amechoka, na kwamba akitikisika basi vyote hivyo vitakuwa bure. Mtoto akaelewa. Akatulia kama maji ya mtungini. Picha ikatoka.

Furaha aliyoipata haina mfano. Alizunguka nyumba nzima kutafuta zawadi za kumpa Annie, kwani aliona kana kwamba mtoto yule ndiye aliyeifanya picha. Siku ile ile akaichapa, akaitia katika fremu, akampa baba wa mtoto. Ukiitazama leo utamwona Annie amegeuza uso kidogo, koti limefungwa vifungo, nywele hazikutengenezwa sana, wala hajali kwamba anatazamwa. Hapana pazia la maua wala kiti cha kifalme kama desturi ya maduka ya picha ya wakati ule.

Mimi nimeitazama picha ile mara nyingi, na kila mara nafikiri juu ya yale maneno aliyomwambia mtoto kuliko juu ya lenzi yake. Hofu ya mwenye kamera aghalabu ni hofu ya kuonekana hajui. Basi hufichaficha, huharakisha, huwaacha watu juani, na wale waliokaa mbele yake huikamata hofu ile kama mafua. Bi. Julia hakuificha. Aliitoa, akaiweka mbele ya mtoto wa miaka kumi hivi, naye mtoto akambebea nusu yake.

Baada ya hapo hakukamatika. Kila mtu aliyeingia Dimbola alitiwa ndani ya banda la kuku: mtumishi, mpwa, mgeni, mtoto wa jirani. Jirani yake alikuwa Tennyson, mshairi mkuu wa Waingereza, naye pia hakuponea. Alifunika baadhi ya vioo vya banda ili nuru iingie kwa upande mmoja tu, akawasogelea watu mpaka uso ukajaa picha, na nyuma yao akaacha giza. Watu wengine wa kazi ile walikuwa wakiizungusha lenzi mpaka kila unywele uonekane. Yeye alipoona kioo kinampa uso mzuri alisimama hapo hapo, hata ukiwa na ukungu. Wakubwa wa chama cha wapiga picha cha London walimcheka waziwazi mwaka wa 1865. Walisema hajui kazi, vioo vyake vina madoa, vina nyufa, vina alama za vidole. Na kwa kweli vilikuwa navyo! Lakini mwaka ule ule jumba la makumbusho la South Kensington, ambalo leo ni Victoria and Albert, likanunua picha zake, na mwaka wa 1866 akapata nishani ya dhahabu mjini Berlin. Mwaka wa 1867 alimpiga picha rafiki yake wa zamani, Herschel, nywele nyeupe zimesimama kama za mtu aliyetoka kuota. Mwaka uliofuata alimpiga Charles Darwin.

Nisimpambe kupita kiasi. Alikuwa bibi wa amri. Watoto wa Freshwater walimkimbia njiani, maana aliyekamatwa alibandikwa mbawa za ndege mabegani na kuketishwa saa nyingi awe malaika. Watumishi wake nao hawakuwa na la kusema. Lakini lipo jambo ninalomhesabia: uso wa mtumishi aliutazama kwa heshima ile ile aliyoutazamia uso wa mshairi. Mary Ryan alikuwa mtoto wa ombaomba, Bi. Julia alimchukua na mama yake, akamlea, akamsomesha, akampiga picha. Kijana mmoja, Henry Cotton, aliiona sura yake katika maonyesho, akaja kuposa, wakaoana mwaka wa 1867, wakaenda Bara Hindi alikokuwa akifanya kazi ya serikali.

Picha moja hunitia uchungu zaidi ya zote, nayo inatoka upande wetu huu wa dunia. Mwezi wa Aprili, 1868, majeshi ya Kiingereza yalivamia ngome ya Maqdala huko Uhabeshi, na Mfalme Tewodros akajiua. Mkewe alifariki njiani walipokuwa wakipelekwa pwani. Mtoto wao, Alemayehu, wa miaka saba, akachukuliwa Uingereza, na Julai mwaka ule ule akaletwa mbele ya kamera ya Bi. Julia, mle kisiwani. Amevaa mavazi ya kwao. Hacheki, wala hakuna aliyemlazimisha acheke. Hana baba wa kupewa picha ile katika fremu siku ile ile. Alifariki ughaibuni mwaka wa 1879, akiwa kijana wa miaka 18.

Na mwaka huo ndio aliofariki Bi. Julia. Binti yake, aliyemletea kamera, alikuwa amekwisha kumtangulia mwaka wa 1873, katika uzazi. Mwaka wa 1875 Bi. Julia na mumewe walirudi Ceylon kwa wana wao, wakasafiri na majeneza yao wenyewe, ndani yake mmepakiwa vyombo vya nyumba. Huko hakupiga picha nyingi. Aliaga dunia tarehe 26 Januari, 1879, na mumewe akamfuata mwaka wa 1880. Picha zake zinazojulikana zinapita 1,200, na alizifanya katika muda usiozidi miaka 15.

Miongoni mwa hizo ziko za mpwa wake, Julia Jackson, alizompiga tangu usichana wake. Nyingine, za mwaka wa 1867, zinamtazama mtu moja kwa moja, nusu ya uso nuruni na nusu gizani. Julia Jackson alifariki mwaka wa 1895, akaacha binti wa miaka 13. Binti yule ndiye Virginia Woolf, mwandishi mashuhuri, na mwaka wa 1926 alishiriki kuzitoa picha za nyanya yake huyo katika kitabu. Hakuwahi kumwona nyanya, maana alizaliwa nyuma yake. Uso wa mama yake alikuwa nao.

Nami bado ninaye mama mkubwa, dada yake mama, na watu husema wamefanana. Mwaka jana nilikwenda kwake na kamera. Nikamketisha karibu na mlango, ule upande unaotoka uani, mahali jua halifiki bali nuru yake yafika. Mikono ikaanza. Safari hii nikaiweka kamera chini, nikamweleza yote: ile Idd, baba, leso, na kwamba hata sasa naogopa. Aliniuliza mbona sikusema siku zote hizo. Kisha akaanza kunihadithia namna mama alivyokuwa akigombana na watoto siku za Idd, akanyamaza, akawa anatazama uani. Hapo nikapiga.